Kiko Kitupu, Miaka Kumi: Waraka kwa Tume ya Marekebisho ya Sheria

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Marekebisho ya Sheria ya Kenya,
Nairobi.

MINT: SHERIA YA KUDHIBITI DAWA ZA KULEVYA YA 1994, VIFUNGU VYA 3 NA 5

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naomba nijitambulishe kwa kazi, kwa kuwa jina langu halitakufaa kitu. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama za mahakimu hapa Pwani. Kwa miaka mingi nilikaa chini ya meza ya hakimu, nikapokea majalada ya asubuhi na kumsomea mshtakiwa kwa Kiswahili yale ambayo polisi wameyaandika kwa Kiingereza. Mashtaka ya bangi niliyajua kwa ghibu: kwamba mnamo tarehe fulani, mahali fulani, ulipatikana na dawa ya kulevya, yaani misokoto miwili ya bangi yenye thamani ya shilingi 100 mitaani, ambayo haikuwa imetayarishwa kama dawa ya matibabu. Hapo nanyamaza, namtazama kijana, namuuliza: umeelewa? Ni kweli ama si kweli?

Wengi walijibu "ni kweli" kabla sijafika mwisho. Usiku, selini, wenzao walishawaambia kwamba ukikubali utapigwa faini uende zako, ukikataa utakaa rumande ukingoja ripoti ya Mkemia wa Serikali. Na hawakuwa wamedanganywa. Msokoto ukishaingia katika kesi ni kielelezo, na kielelezo kina taratibu zake. Hutiwa bahasha, hubandikwa alama, huandikiwa fomu, hupelekwa maabara, hupimwa, huandikiwa ripoti, kisha hurudi na kuwekwa chumba cha vielelezo hadi siku ya kusikizwa. Maabara za Mkemia wa Serikali ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kijana aliyekamatwa Faza, kisiwani Pate, msokoto wake ulisafiri mbali kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kusafiri. Mafuta ya gari, mshahara wa mkemia, siku ya askari shahidi, siku ya hakimu, siku ya mwendesha mashtaka, chakula cha mahabusu: yote hayo kwa kitu cha shilingi 100 ambacho serikali yenyewe, kwa mkono wake, imekithamini hivyo katika hati ya mashtaka.

Siandiki kuomba maduka ya bangi yafunguliwe Moi Avenue. Wala siandiki kwa kuwa naivuta. Kifua changu hakiwezi hata moshi wa udi. Naandika kwa sababu Tume yako ndiyo iliyopewa kazi ya kuzitazama sheria za nchi hii moja moja na kusema ipi imechakaa, ipi inagongana na mwenzake, ipi haitekelezeki. Naandika pia kwa sababu Bunge limeonyesha kwamba jambo hili linaliogopa.

Nianze na yaliyoandikwa. Kifungu cha 3 cha sheria ya 1994 kilisema kwamba mtu akiithibitishia mahakama kuwa bangi aliyokutwa nayo ni ya kutumia mwenyewe tu, adhabu yake ni kifungo cha miaka 10. Akishindwa kuthibitisha, 20. Mwaka 2022 Bunge likakirekebisha, na sasa bangi ya matumizi binafsi ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Ni nafuu, hatukatai. Lakini aliyeandika marekebisho hayo hakufunua ukurasa wa pili. Kifungu cha 5 kimebaki palepale na adhabu yake ileile, faini ya Sh250,000 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Adhabu hiyo ni ya anayevuta. Ni ya anayekutwa bila sababu ya maana katika nyumba, chumba au mahali popote wanapokutania wavutaji. Na ni ya anayekutwa na kiko au chombo kingine chochote cha kuvutia.

Liweke hilo mezani, Mheshimiwa, ulitazame. Kijana mwenye bangi mfukoni anakabiliwa na miaka 5. Kijana mwenye kiko kitupu, 10. Aliyeiweka bangi avute kesho ana afadhali. Akiiwasha, adhabu imeruka maradufu. Na jirani yake aliyepita maskani kudai deni lake la shilingi 200, akakutwa amesimama hapo msako ulipofika, naye yumo ndani ya miaka 10 mpaka aeleze sababu yake na sababu ikubalike. Sidhani kuna mbunge aliyeamka siku moja akakusudia hivyo. Ndivyo hutokea sheria inapotiwa kiraka mahali pamoja.

Kuna jambo la pili katika kifungu cha 3 ambalo mawakili wa vijana hawa wangelisema, lakini vijana hawa hawana mawakili. Hakina kipimo. Hakisemi gramu ngapi ni za mtu mmoja na ngapi ni za biashara. Mshtakiwa ndiye anayepaswa kuithibitishia mahakama kwamba ni yake ya kuvuta, maana yake, ili apate nafuu ni lazima kwanza akiri. Kabla ya hapo, aliyeshika kalamu kituoni ndiye anayeamua kama ataandika kupatikana nayo au ataandika ulanguzi chini ya kifungu cha 4, ambacho tangu 2022 kina faini za mamilioni na vifungo vya makumi ya miaka. Bangi ni ileile na mfuko ni uleule. Tofauti ya miaka arobaini na kitu imo katika neno atakalochagua afisa mmoja, saa nne za usiku, bila shahidi.

Ukishaelewa hapo, umeelewa soko lenyewe. Watu hudhani sheria kali hupandisha bei ya bangi. Labda. Ninachojua mimi ni kwamba hupandisha bei ya kuachiliwa. Kesi zilizonifikia mezani ni mabaki, za wale waliokosa cha kutoa, au waliokuwa na cha kutoa wakakutana na afisa mwadilifu. Nyingine ziliamuliwa chini ya mwembe, au nyuma ya gari, au kwa simu ya mama aliyeamshwa usiku atume pesa kwa M-Pesa kwa namba asiyoijua. Mama huyo hasomi vifungu. Anaambiwa "mtoto wako ana kesi ya miaka kumi", na kwa bahati mbaya hajaambiwa uongo. Punguza miaka hiyo kumi iwe kitu cha kunyang'anywa na kuonywa, uone kama simu hiyo itapigwa tena.

Na angalia wanaokamatwa. Kisauni, Likoni, Majengo, Bombolulu, vichochoro vya Malindi na Watamu upande wanakoishi wahudumu, si upande wanakolala wageni. Miaka yote ile sikuwahi kusoma hati ya mashtaka ya msokoto uliopatikana kando ya bwawa la kuogelea.

Nitakutolea mfano mmoja wa karibu, na kituo na mahakama nitaviacha bila majina. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikamatwa na msokoto mmoja akiwa na umri wa miaka 19. Alikubali kosa siku ya pili, akatozwa faini, dada yangu akauza cherehani, mambo yakaisha. Ndivyo tulivyodhani. Miaka minne baadaye alipata kazi ya udereva Doha kupitia wakala. Pasipoti ikatoka, uchunguzi wa afya ukapita, ikabaki karatasi moja, cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kile ambacho kila mtu hapa hukiita "good conduct". Alilipa ada yake kwenye eCitizen, akaenda kuchovya vidole wino, akangoja. Cheti kikarudi na kosa lake juu yake. Wakala hakumtukana, alimwambia tu kwamba kule hawachukui mtu mwenye rekodi ya dawa za kulevya, akampa nafasi yule aliyekuwa nyuma yake katika foleni. Faini ya korti ilikuwa elfu chache. Ile ya pili, ambayo hakimu hakuitamka na pengine hakuijua, ni mshahara wa miaka.

Hapa Pwani, Mheshimiwa, cheti kile si karatasi ya mapambo. Bandarini unaombwa. Melini unaombwa. Kampuni za ulinzi zinakiomba, shule zinakiomba, na njia ya Ghuba, ambayo ndiyo tegemeo la nyumba nyingi huku, haifunguki bila hicho. Tunalalamika kwamba vijana wa Pwani hawana kazi, huku tukiwapiga muhuri wakiwa na miaka 19 kwa kitu cha shilingi 50.

Nirudi kwenye siasa kidogo. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, aliandika mwaka 2018 akiomba msaada wa kuandaa mswada wa kudhibiti bangi. Alitaka wakulima waandikishwe, watoto wazuiwe, na waliofungwa kwa matumizi binafsi wafutiwe rekodi. Hilo la mwisho hakuna aliyelijadili kwa dhati, maana vichwa vya habari vilitaka neno bangi tu. Julai 2019 saratani ikamchukua, na mswada ukaenda naye. Uchaguzi wa urais wa 2022 akaja mgombea Profesa George Wajackoyah na ahadi ya kulipa deni la taifa kwa bangi, sumu ya nyoka na fisi wa kuuza ng'ambo. Nchi ilicheka wiki kadhaa, akapata kura 61,969, na tangu siku hiyo mwanasiasa yeyote anayetaka kuuliza swali la maana juu ya kifungu cha 3 anaogopa kufananishwa naye. Kicheko kile kilitugharimu.

Waliobaki na swali hili mikononi ni Marasta. Jaji Chacha Mwita alishaamua mwaka 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule ya Kibera kwa ajili ya nywele zake, kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine mbele ya Katiba. Mwaka 2021 wakarudi mahakamani wakidai kwamba sheria ya 1994 inawaadhibu kwa ibada wanayoifanya majumbani mwao. Mimi si Rasta na sina haja ya kuwasemea. Lakini nauliza: mbona iwe kazi ya kikundi kidogo cha waumini kuisafisha sheria inayowagusa watu nusu milioni? Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria watu 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 kuwa wanatumia bangi. Magereza yetu yote, wafungwa na mahabusu pamoja, huhesabu watu kwa makumi ya maelfu. Sheria ambayo ikitekelezwa kikamilifu siku moja tu itahitaji magereza mengine kama yote tuliyo nayo mara kadhaa haikuandikwa ili itekelezwe. Imebaki ya kuchagulia watu.

Utafiti huohuo ulikadiria watumiaji wa pombe kuwa 3,199,119. Februari 2024 pombe haramu iliua watu wasiopungua 17 Kirinyaga, na wengine wakapofuka. Hakuna aliyependekeza mnywaji anayekutwa na chupa mkononi afungwe miaka mitano. Serikali ilifuata watengenezaji, wauzaji, leseni, maafisa waliolala. Yaani tunajua namna ya kufikiri juu ya ulevi pale tunapotaka.

Na muguka je, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa? Hapa nitakaa kidogo, maana sisi wa Pwani jambo hili bado linatuwasha. Mei 2024 Gavana wetu wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka, akifuatwa na Kilifi na Taita Taveta. Walichosema magavana wale ndicho kilichosemwa siku zote juu ya bangi: vijana wanaharibika, hawalali, hawafanyi kazi, wengine wanapata wazimu. Haikuchukua muda. Viongozi wa Embu wakasimama, Rais akatangaza kwamba marufuku yale hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria za taifa, na Mahakama Kuu ikasitisha amri za kaunti. Zao lina wakulima, wakulima wana kura, kura zina mbunge na gavana na seneta. Sisemi walikosea kumtetea mkulima wao. Mkulima wa Embu ana watoto wa kusomesha kama mimi. Ninachosema ni kwamba jani moja lililotafunwa hadi vijana wetu wakakesha macho wazi lilipata ulinzi wa dola nzima, na jani jingine, ambalo pia linapelekwa na watu na kuuzwa na watu, likabaki la kujazia seli. Ukiwauliza madaktari wakupangie ulevi huo kwa madhara, orodha yao haitafanana na ya sheria zetu. Iliyofanana na sheria zetu ni orodha ya wenye watetezi.

Najua utakachoambiwa na wanaopinga, na sehemu yake ni kweli tupu. Bangi si mchicha. Kuna vijana niliowaona kizimbani wakiongea na watu wasiokuwapo, na mama zao wakaniambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba ilianza na bangi wakiwa darasa la saba. Wataalamu wa akili wameeleza mara nyingi kwamba anayeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, na anayevuta ile kali, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Na ile inayoingia siku hizi kutoka Shashamane, Ethiopia, kupitia Moyale, wavutaji wenyewe husema si kama ile ya wazee wao. Kuna biskuti na peremende zenye bangi ambazo mtoto wa shule hawezi kuzitofautisha na za kawaida. Yeyote anayekwambia haya ni uzushi wa mkoloni, usimsikilize.

Lakini kijana yule aliyeongea na watu wasiokuwapo, nilimsomea mashtaka. Hiyo ndiyo huduma aliyopewa. Hakimu, Mungu amjalie, aliamuru apelekwe apimwe akili kwanza, na kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na katikati ya kuahirishwa kijana akawa rumande na wezi wa kutumia nguvu. Ikiwa bangi ni ugonjwa, basi aliyeugua hatibiwi kwa pingu. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi aliifuta sheria iliyomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Kwa miongo mingi nchi hii ilikuwa ikimtoa mtu kitandani hospitalini, jeraha halijapona, na kumpeleka kortini. Leo kila mtu anashangaa tuliwezaje. Hata hivyo, kifungu kile kilidumu tangu ukoloni, na kilitetewa kwa hoja hizihizi: kwamba kukiondoa ni kuhimiza.

Na serikali yenyewe, Mheshimiwa, imekwisha kuchagua njia nyingine, ila haijaiandika. Pwani tunaujua unga kabla Nairobi haijaujua. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, heroini ilipoadimika ghafla Mombasa na Malindi, vijana walijaa mahospitalini na arosto, wakitetemeka na kutapika, na hakuna aliyekuwa na la kuwafanyia. Tangu hapo mambo yalibadilika. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu katika uraibu wa heroini, ikafunguliwa hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na nyingine zikafuata huku Pwani. Kila asubuhi utawaona wamepanga foleni, wanameza dozi yao mbele ya muuguzi, wanakwenda kutafuta kibarua. Nawajua wawili waliokuwa wakilala chini ya ngazi za soko na sasa wanaendesha tuktuk.

Na pamoja na methadoni, kwa zaidi ya mwongo mmoja mpango wa serikali wa kupambana na Ukimwi umekuwa ukiruhusu mashirika kugawa sindano safi kwa wanaojidunga, ili wasiambukizane virusi na homa ya ini. Ni kazi njema na imeokoa watu. Sasa rudi tena kwenye kifungu cha 5, mahali panaposema "chombo". Sindano ile iliyotolewa asubuhi na mhudumu wa afya ni ushahidi wa jinai jioni ikipatikana na askari. Mhudumu anayefika maskani kuigawa yuko mahali wanapokutania watumiaji. Wizara moja inatoa, wizara nyingine inakamata kwa kile kilichotolewa. Huu si mgongano wa maadili ambao mnahitaji maaskofu na maimamu kuusuluhisha. Ni mgongano wa maandishi, na ofisi yenu iliundwa kwa ajili ya huo.

Utaambiwa pia kwamba mikono yetu imefungwa na mikataba ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa 1988 kweli unazitaka nchi zifanye umiliki kuwa kosa, lakini unasema hivyo kwa kuzingatia misingi ya katiba ya kila nchi, na unaruhusu, kwa mtu wa matumizi binafsi, matibabu, elimu na kurejeshwa katika jamii badala ya hukumu au adhabu. Badala yake, si lazima iwe pamoja nayo. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na faida ya kitabibu, ingawa iliiacha chini ya udhibiti. Kwa hiyo mlango wa mikataba haujapigwa kufuli kama tunavyoambiwa.

Nchi nyingine sizitaji kwa wingi, kwa sababu tuna tabia mbaya ya kuiga vichwa vya habari. Thailand iliifungulia bangi Juni 2022 bila sheria ya kuisimamia, maduka yakaota kila kona, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma ikidai cheti cha daktari. Huo ndio mfano wa kuogopa, na mimi nauogopa. Malawi na Lesotho zilianza na leseni za kilimo cha dawa, na ada zikapangwa juu kiasi kwamba mwenye shamba dogo, ambaye ndiye aliyekuwa akifungwa kwa kulima, alibaki akichungulia kwenye uzio wa kampuni. Nasikia hapa kwetu pia wapo wanaonyemelea biashara hiyo. Wakija kwenu na michoro ya mapato, waulizeni kwanza juu ya aliyeko gereza la Shimo la Tewa.

Mifano miwili ndiyo ningekuomba uisome kwa utulivu. Ureno, tangu Julai 2001, haikuhalalisha kitu. Ilisema tu kwamba kiasi cha siku kumi, kwa bangi gramu 25, si jinai tena. Mtu hunyang'anywa, hupelekwa mbele ya jopo dogo lililo chini ya wizara ya afya, huzungumzwa naye, na anayehitaji tiba huonyeshwa njia. Muuzaji bado hufungwa. Na Afrika Kusini, mahakama yao ya katiba ilipoamua Septemba 2018, kwa kalamu ya Jaji Raymond Zondo, haikuanza na faida za kilimo wala na dini. Ilianza na faragha. Iliuliza dola inatafuta nini ndani ya chumba cha mtu mzima asiyemdhuru mwingine. Katiba yetu ya 2010 nayo ina kifungu cha faragha, cha 31, na kifungu hicho hakisemi faragha ni ya wenye mageti.

Ninachoomba, basi, ni kidogo. Kwanza, kiasi kidogo cha matumizi binafsi kiandikwe kwa gramu ndani ya sheria, kipimwe kwa mizani kituoni mbele ya mshukiwa na mtu wake, na chini ya kiasi hicho kusiwe na kesi ya jinai, bali kunyang'anywa, na kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi na afisa wa watoto kuitwa. Pili, kifungu cha 5 kiondolewe kiko, sindano na kosa la kukutwa mahali. Wamiliki wa madanguro ya unga wana vifungu vyao vya kutosha. Tatu, na hili ndilo Okoth alilolitaka, rekodi za makosa hayo zifutwe na DCI iagizwe isiyaandike kwenye cheti, bila mtu kulazimika kuajiri wakili kuomba. Mkitaka kufanya hili la tatu peke yake kwa kuanzia, Bunge haliwezi kusema mmehalalisha bangi. Ulanguzi uacheni na adhabu zake. Kuuzia watoto, ongezeni.

Mjadala wa kuhalalisha biashara, kodi, mashamba, hospitali na mafuta ya bangi uje kwa wakati wake, na uje na wataalamu. Nitausikiliza. Lakini haufai kutumiwa kama kisingizio cha kuwaacha vijana rumande hadi tumalize kubishana.

Katiba inataka wananchi washirikishwe, na najua mtafika Mombasa kukusanya maoni. Nina maombi mawili juu ya hilo. Kikao kisifanywe katika hoteli ya Nyali saa tatu asubuhi siku ya kazi, maana watakaofika ni sisi wazee na watu wa mashirika. Njooni Kisauni au Likoni, jioni, au Jumapili. La pili ni muhimu zaidi. Kabla hamjafika, pateni barua kutoka kwa Inspekta Jenerali na Mkurugenzi wa Mashtaka, isomwe kwa sauti mwanzoni mwa kikao na nakala ibandikwe mlangoni, kwamba mtu atakayesimama mbele ya Tume na kusema "mimi navuta" hatakamatwa kwa kusema hivyo, siku ile wala baadaye. Bila barua hiyo, wale mnaohitaji kuwasikia hawatakuja.

Wako mwaminifu,

Karani mstaafu wa mahakama,
Mombasa